Rubani wa majaribio si mtu wa kujitoa mhanga

Oktoba 28, 2025 ndege ya majaribio ya X-59 ya NASA iliruka kwa mara ya kwanza kule California, ndani yupo rubani Nils Larson, ikatoka Palmdale ikaenda kutua kwenye kambi ya Edwards, na wala haikukimbia, ilienda zake taratibu chini ya kasi ya sauti. Habari ilivyofika kwenye magrupu ya WhatsApp nikaona maneno ya aina mbili tu. Kuna waliosema hao ndio wanaume, mtu anaingia kwenye ndege ambayo haijawahi kuruka hata siku moja, jamaa ana roho ya paka. Na kuna waliouliza jamani, zama hizi bado mnamtia binadamu kwenye kitu cha hivyo, kwani kompyuta zimeenda wapi? Unaona kama wanabishana, ila ukiwasikiliza vizuri wanakubaliana kabisa kwamba rubani wa majaribio amewekwa mle ndani kwa ajili ya ujasiri wake, huyu anaushangilia na yule anaona umepitwa na wakati. Mimi nasema wote wamekosea. Rubani wa majaribio kazi yake ni kutafuta pale ambapo mainjinia wamekosea na kurudi chini na jibu, na wengi waliokufa kwenye kazi hii hawakuuliwa na ujasiri uliozidi wala mkono uliotetemeka, waliuliwa na kitu ambacho mtu fulani huku chini hakukifikiria, au alikifikiria akaona kitasubiri. Hili lisipoeleweka tutashindwa kuelewa na hili jipya la abiria wanaouziwa tiketi za kwenda kwenye mpaka wa anga, nitalifikia.

X-59 yenyewe siyo ndege ya roketi, lakini inatoka kwenye ukoo wa X, yaani ndege za Marekani zinazojengwa kwa ajili ya majaribio tu, na kwenye ukoo huo waliopanda juu zaidi ni wale wa ndege za roketi, na kati yao hakuna kama X-15. Zilitengenezwa tatu tu, na kampuni ya North American. Kuanzia Juni 1959 mpaka Oktoba 1968 zikaruka mara 199 na marubani 12. Yenyewe haikuondoka ardhini kwa nguvu zake, ilining'inizwa chini ya bawa la ndege kubwa ya kivita ya B-52, ikapandishwa mpaka kilomita 13 na ushee, halafu ikaachiwa, na hapo rubani anawasha injini inayochoma amonia na oksijeni ya kimiminika. Injini inawaka kama dakika moja na nusu hivi, basi. Mengine yote yaliyobaki, kupanda mpaka kileleni, kushuka, kukata kona, kutua kwenye ziwa kavu, ni bila injini. Na kule juu kabisa hakuna hewa ya kutosha, mabawa na usukani wa mkia havishiki kitu, kwa hiyo rubani anageuza ndege kwa vijiroketi vidogo vya haidrojeni peroksaidi vilivyowekwa puani na kwenye mabawa, kisha akirudi kwenye hewa nzito anahamia tena kwenye usukani wa kawaida. Joe Walker alifika kilomita karibu 108 mwezi Agosti 1963. Pete Knight alifika mara 6.7 ya kasi ya sauti Oktoba 1967. Safari yote ilikuwa ya dakika kumi hivi, na kwa ajili ya hizo dakika kumi mtu alikaa kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza safari ukiwa chini, masaa na masaa, akirudia kila kinachoweza kuharibika.

Hapo kwenye simuleta ndipo hadithi ya roho ya paka inapoanza kuvuja. Mtu asiyejali kufa hahitaji kurudia zoezi moja wiki nzima. Fundi wa gereji akimaliza kufunga injini anaingia barabarani na gari lako, siyo kwa sababu ni jasiri kuliko wewe, ni kwa sababu akisikia mlio anajua umetoka wapi. Hawa walikuwa watu wa namna hiyo, wengi wao wamesoma uinjinia, na ripoti waliyoiandika baada ya kutua ilikuwa na thamani kuliko rekodi iliyoandikwa kwenye magazeti.

Sasa nisiwe mbishi wa kupitiliza, ubabe ulikuwepo. Desemba 1953 rubani wa jeshi Chuck Yeager aliipeleka ndege ya roketi ya X-1A mpaka mara 2.44 ya kasi ya sauti huku mainjinia wa Bell, kampuni iliyoitengeneza, walishaonya kwamba ikipita kama 2.3 inaweza kukataa kuongozwa. Wiki chache nyuma Scott Crossfield, rubani wa NACA, taasisi ya kiraia ya utafiti wa ndege, alikuwa amekuwa mtu wa kwanza kufika mara mbili ya sauti, na jeshi lilitaka kumfunika kabla ya sherehe za miaka 50 ya ndege ya kwanza ya akina Wright. Ikakataa kweli, ikapinduka huku na huku, ikaporomoka kilomita kama 15 kwa chini ya dakika moja, Yeager akagongwa gongwa mle ndani mpaka akaja kuipata tena chini kabisa, akatua mzima. Watu wanapenda kuisimulia hii kama ushahidi wa ushujaa, na mimi sikatai kwamba mkono wake ulikuwa mzuri ajabu, lakini angalia kilichofuata. Tatizo lile, yaani ndege nyembamba yenye mwendo mkali kuanza kujiviringisha yenyewe ukiigeuza kwa nguvu, likawa linajulikana. Miaka mitatu baadaye, Septemba 27, 1956, Mel Apt akapandishwa kwenye X-2, ni mara yake ya kwanza kabisa kuendesha ndege ya roketi, akapita mara tatu ya kasi ya sauti kabla ya binadamu mwingine yeyote, akaanza kugeuza kurudi nyumbani bado ana mwendo mkubwa mno, na ndege ikafanya vilevile. Akafa dakika chache tu baada ya rekodi. Ndege ile ilikuwa karibu kukabidhiwa kwa NACA, ambayo ndiyo ikaja kuwa NASA, na jeshi lilitaka rekodi ya mara tatu ya kasi ya sauti kabla ya kukabidhi. Sasa niambie, ubabe hapo ulikuwa wa nani? Kijana aliyefuata karatasi ya safari kwa uzuri kuliko ilivyotegemewa, au kalenda ya ofisini?

Na kuna vifo ambavyo ukiviangalia huoni pa kuuweka ujasiri hata ukitafuta kwa tochi. Miaka ya mwanzo ya 1950 ndege za familia ya X-1 na X-2 zilikuwa zinalipuka tu, moja baada ya nyingine. Mei 1953 X-2 ya pili ikalipuka ikiwa bado imebebwa na ndege mama, ikamuua rubani Skip Ziegler na mfanyakazi mwenzake Frank Wolko. Watu wakawa wanatafuta sababu kubwa kubwa. Agosti 1955 X-1A ikalipuka pia ikiwa imebebwa, Joe Walker akatoka salama, ndege ikabidi iangushwe jangwani, na safari hii uchunguzi ukakamata mchawi. Ilikuwa ni gasketi. Gasketi za ngozi zilizolowekwa kwenye kemikali ya kuzilainisha, ambazo zikikutana na oksijeni ya kimiminika na kupata mgongano kidogo zinaripuka. Ngozi jamani. Huwezi kuwa jasiri mbele ya gasketi. Huko Urusi nako Machi 1943 Grigory Bakhchivandzhi alikufa na ndege ya roketi ya BI, ikainamisha pua ikaenda moja kwa moja chini, na ilikuja kueleweka baadaye, walipopata handaki la upepo, yaani bomba kubwa la kupimia ndege kwa kuipulizia hewa, lenye kasi ya kutosha, kwamba ndege ya umbo lile ikikaribia kasi ya sauti inainama yenyewe. Wakati anapanda, huko kwao hakuna aliyelijua hilo, na yeye ndiye aliyelipa bei ya kulijua.

Tuje kwa wale wa kompyuta, maana hoja yao ina nguvu zaidi na siyo haki kuipita juu juu. Novemba 15, 1988 Wasovieti walirusha chombo chao cha anga cha Buran ikaizunguka dunia mara mbili ikaja kutua yenyewe kwenye barabara ya ndege, ndani hakuna mtu. Chombo cha anga cha X-37B cha Marekani tangu 2010 inaenda na kurudi bila mtu. Novemba 2024 kampuni ya Dawn Aerospace huko New Zealand ilirusha kindege chao cha roketi, Aurora, kikapita kasi ya sauti na kufika kilomita 25 juu, tena kinaongozwa kutoka chini. Kikianguka kinaanguka kipande cha chuma, hakuna mjane anayebishiwa hodi. Ukiniuliza kama kindege cha namna hiyo kiwe na mtu ndani, nakujibu hapana, wa nini? Kama unachotaka kujua kinaweza kusomwa na sensa, weka sensa.

Lakini wanaoitaja Buran wanasahau kusema kwamba kabla haijajitua yenyewe, kuanzia 1985 Igor Volk na wenzake walikuwa wanaendesha pacha wake mwenye injini za jeti, wanatua na kutua tena, ili huo mfumo wa kujiendesha upate kitu cha kujifunza na upimwe mbele ya macho ya mtu. Mashine ilifundishwa na marubani wa majaribio. Na kuna hili la Pete Knight, siyo siku ya rekodi, hii ni Juni 29, 1967 ambayo haitajwi sana. Yuko kilomita 32 na bado anapanda, umeme wote wa ndege ukazimika, injini ikazima, redio ikafa, paneli nzima giza. Akaenda na ile ndege mpaka juu kabisa akashuka nayo, akachagua ziwa kavu la Mud Lake kule Nevada akatua. Kompyuta ya miaka ile ikikosa umeme ni boksi tu, na ya leo pia. Au mchukue Joe Engle, aliyefariki Julai 2024 akiwa na miaka 91, wa mwisho kabisa kati ya wale 12 wa X-15. Novemba 1981 aliirudisha kutoka angani space shuttle Columbia kwenye safari yake ya pili, na kwenye kushuka aliishika kwa mkono mara nyingi akifanya vijaribio, anaisukuma kidogo huku, anaivuta kidogo kule, ili mainjinia wapate namba halisi za jinsi inavyoitikia kwenye kasi ambazo handaki la upepo haliwezi kuziiga vizuri. Gazeti haliwezi kutengeneza picha ya ukurasa wa mbele kutokana na hiyo. Ila vyombo vilivyofuata viliruka kwa kutegemea namba zile.

Kwa hiyo ubishi wa mtu au mashine mimi naona hauna faida, na kesi inayonifanya niseme hivyo ni ya Mike Adams, mmoja wa marubani wa X-15. X-15 ya tatu ilikuwa na mfumo wa kuongozea ndege wa kisasa kwa wakati ule, MH-96 wa Honeywell, ambao unajirekebisha wenyewe kadri ndege inavyotoka kwenye hewa nzito kwenda kwenye utupu. Aprili 1962 Neil Armstrong, yule yule wa mwezini, alikuwa anaupima mfumo huo, akawa ameinua pua kusubiri kizuizi cha mfumo kifanye kazi, hakikufanya, ndege ikadunda juu ya anga badala ya kuzama, ikapita Edwards ikaenda mpaka upande wa Pasadena, akairudisha kwa kuiteleza bila injini akafika ziwani kwa shida. Akatua akaripoti. Novemba 15, 1967 Adams akapanda na ndege ileile, safari yake ya saba. Wakati inapanda, mota ya jaribio moja lililokuwa limefungwa kwenye ncha ya bawa ikaanza kutoa cheche na kuvuruga umeme wa mifumo mingine, kwa hiyo akili yake ikagawanyika. Halafu kuna kipimo kimoja kwenye paneli ambacho kilikuwa na matumizi mawili, ukibonyeza swichi kinaonyesha kitu kingine kwa sindano ileile. Inaonekana alidhani anasoma pua imepinda kiasi gani wakati kipimo kinamwonyesha mlalo, yaani mabawa yameinama upande gani, kwa hiyo alipokuwa anasahihisha ndiyo alikuwa anazidisha. Pua ikaenda pembeni mpaka ndege inaruka ubavu ubavu kwa mara tano ya kasi ya sauti. Akawaambia wa chini kwamba inazunguka ovyo. Na chini hawakuwa na kipimo kinachoonyesha pua imeelekea wapi, walikuwa wanaona kimo na mwendo vyote viko sawa, na hakuna kitabu kilichosema ufanye nini X-15 ikizunguka kwenye kasi ile kwa sababu hakuna aliyedhani itazunguka.

Sehemu inayofuata ndiyo wale wanaosema ni kosa la rubani hawaifikii. Adams aliitoa kwenye ule mzunguko. Ndege ikatulia ikiwa imepinduka inaenda chini, na ilikuwa bado ina nafasi, lakini ule mfumo wa kujirekebisha ukaingia kwenye mtikisiko wa kujijibu wenyewe, unavuta mkia juu chini juu chini kwa nguvu yote, na haukujipunguza jinsi ulivyotakiwa, uzito ukapanda mpaka mara 15 ya kawaida na ndege ikakatika vipande. Mabaki yalianguka karibu na mji unaoitwa Johannesburg, huo wa California, siyo wa huku kwetu kusini. Sasa hapo kosa ni la nani? Mtu alikosea kusoma, ndiyo. Mota ilivuruga umeme, ndiyo. Mtu mwingine alichora kipimo cha matumizi mawili. Mwingine akaona chumba cha kuongozea safari huku chini hakihitaji kuona pua imeelekea wapi. Mashine ilifika mahali pa kusaidia ikashindwa kutulia. Ukiandika kosa la rubani umefunga faili bila kujifunza chochote, na kwa bahati nzuri hawakufunga, waliongeza hicho kipimo kwenye chumba cha kuongozea safari na wakaanza kupima marubani kwa tatizo la kizunguzungu cha sikio la ndani, ambalo Adams alikuwa na dalili zake.

Ungedhani baada ya hapo somo limeingia. Oktoba 31, 2014 chombo cha SpaceShipTwo kilichotengenezwa na kampuni ya Scaled Composites, kwa ajili ya Virgin Galactic, kampuni ya kuuza hizo tiketi za kwenda kwenye mpaka wa anga, kilikatika hewani juu ya jangwa la Mojave. Kina mkia unaokunjwa kwenda juu ili kishuke polepole, na kuna lever ya kuufungua kufuli. Ilitakiwa ivutwe kikifika mara 1.4 ya kasi ya sauti, rubani msaidizi Michael Alsbury akaivuta kikiwa karibu na 0.8, na kwenye kasi hiyo hewa yenyewe inausukuma mkia juu, ukajikunja, chombo kikavunjika, Alsbury akafa na mwenzake Peter Siebold akatupwa nje kwenye kilomita kama 15 bila suti ya presha, parachuti ikafunguka yenyewe, akapona. Siku ya pili tu watu walishasema, lever aliivuta yeye, kesi imekwisha. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote ninazozijua kwenye mambo haya. Aliivuta, hakuna anayebisha. Lakini kwa nini lever inayoweza kukuua ikivutwa mapema iwe wazi tu bila kizuizi? Kwa nini karatasi ya safari impe sekunde chache tu za kuivuta, akichelewa taa ya onyo inawaka, akichelewa zaidi safari inafutwa, wakati mtikisiko na mvuto wa injini ile alikuwa hajaupata kwa zaidi ya mwaka? Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, mwaka 2015 iliandika kwamba chanzo ni kampuni kushindwa kufikiria kwamba kosa moja la binadamu linaweza kuleta janga, na kushindwa kulikinga. Chombo kilichofuata kikawekewa kizuizi. Kitu ambacho kingewekwa mapema kama mtu angeuliza kwenye kikao, hivi akivuta mapema inakuwaje?

Kuna hoja moja ya pembeni naipenda, kwamba badala ya rubani wa majaribio wangepelekwa wanasayansi. Hata Engle alikutana nayo, maana alikuwa apande Apollo 17 kwenda kutembea mwezini, akaondolewa akawekwa mwanajiolojia Harrison Schmitt. Na nadhani walifanya sawa. Chombo cha Apollo kilikuwa kimeshatua mwezini mara tano, maswali ya chombo yalikuwa yamejibiwa, swali lililobaki lilikuwa la mawe, sasa rubani wa majaribio wa nini tena? Kazi yake inaisha pale chombo kinapoeleweka, siyo pale watu wanapochoka kuogopa.

Na ndiyo maana nina wasiwasi na hii biashara ya tiketi. Unity, chombo cha Virgin Galactic kilichokuja baada ya ajali, kilistaafishwa Juni 2024 baada ya kuvuka kilomita 80, kimo ambacho Wamarekani wanakihesabu ni mpaka wa anga, mara 12. Mara 12! X-15 ziliruka 199 na mpaka ya mwisho bado zilikuwa zinahesabiwa ni za majaribio, kila safari na mazoezi yake, ndege za kusindikiza, maziwa kavu ya dharura yamepangwa njiani kote. Unity tayari ilikuwa inabeba abiria waliolipa, bei imepanda mpaka dola laki sita kwa kiti. Julai 2021, safari ambayo Richard Branson, mwanzilishi wa kampuni, mwenyewe alikuwemo, chombo kilitoka nje ya anga kilichopangiwa kwa dakika moja na sekunde 41, taa za onyo zimewaka, na mamlaka ya anga FAA ikakisimamisha kwa muda. Kilirudi salama, marubani walifanya kazi nzuri. Ila ile ni data ya majaribio, na waliokaa nyuma siyo watu wa majaribio. Adams alijua MH-96 ni nini na Armstrong ilimfanyia nini. Abiria anajua menyu na suti yake.

Utasema amesaini karatasi, ni mtu mzima, amekubali hatari. Kweli amesaini, na sheria ya Marekani inataka aambiwe kwa maandishi kwamba serikali haijathibitisha usalama wa chombo. Lakini sheria hiyohiyo inaizuia FAA kuweka kanuni za kulinda abiria wa vyombo hivi mpaka Januari 1, 2028, tarehe ambayo imeshasogezwa mbele zaidi ya mara moja, hoja ikiwa tasnia bado inajifunza. Kama bado inajifunza basi anayejifunzia ni nani? Kwenye X-15 jibu lilikuwa wazi, kuna watu 12, mshahara wao, masaa yao ya simuleta, na ripoti inayoandikwa jioni. Kwenye hivi vyombo vipya vya Delta ambavyo Virgin Galactic inavijenga viruke mara nyingi kwa mwezi, mimi nisingeuliza kama rubani ni jasiri wala kama kompyuta ni ya kisasa. Ningeomba orodha ya makosa ya mtu mmoja yanayoweza kuua wote, na mbele ya kila kosa iandikwe kimewekwa nini cha kulizuia, na nani alilijaribu, lini, kabla ya abiria wa kwanza kufunga mkanda.